Karavani ya muchezaji wa sinema: ni kiburi ao ni kazi?



Tangu majuma mawili mabishano mamoja yanatembea katika enterna yetu. Yalianza ku dortwari la darasa la tatu, yakafika mezani, na sasa yanasikiwa hata kwenye bomba la maji asubuhi. Ni juu ya wachezaji wa sinema. Mmoja wetu alisoma kwamba muchezaji mukubwa, wakati wa kutengeneza filimu, anapewa karavani yake, ni kusema nyumba ya magurudumu inayovutwa na motokari, yenye kitanda, kioo na choo. Tena kisha kazi ya siku anapelekwa kulala katika hoteli. Hapo makelele yalipanda. «Bale batu banajivuna tu!» «Anacheza dakika mbili, halafu anaenda kulala!» «Shiye tunalala batu makumi ine mu chumba kimoja, na egzame tunapita!»

Nilisikiliza wote. Sasa ninaomba na mimi nisikilizwe. Shauri langu ni hili: karavani si kiburi. Ni chombo cha kazi, kama vile jembe kwa mulimaji na ubao kwa mwalimu. Lakini chombo cha kazi kinaweza kugeuka kiburi, na iko njia ya kutambua siku kinapogeuka. Maneno haya yanatuhusu sisi wenyewe kuliko munavyozani, kwa maana kundi letu la teatre litasafiri tena katika muhula wa tatu.

KAZI YA KUNGOJEA

Wanaosema «anacheza dakika mbili» wanaona filimu iliyokwisha, hawaoni kazi yake. Muzigo ulio juu ya kichwa cha mwenzako hauna uzito. Tuangalie basi namna siku moja ya kazi inavyopita.

Muchezaji anafika asubuhi sana, mara nyingine mbele ya jua kutoka. Anavalishwa, anapakwa poda na rangi usoni, nywele zinatengenezwa. Kazi hiyo peke yake inaweza kula saa moja ao mbili. Kisha anangojea. Watu wa taa wanapanga taa, na wakati huo mutu mwingine mwenye kimo kama chake anasimama pahali pake ili taa zipimwe. Watu wa kamera wanapima urefu. Watu wa sauti wanalia kwamba kuna ndege inayopita. Mwishoni muchezaji anaitwa, anasema maneno yake, na mwongozaji anasema: turudilie. Wanarudilia mara tatu, mara kumi. Halafu kamera inageuzwa upande mwingine, taa zinapangwa upya, na kungojea kunaanza tena. Katika siku nzima ya saa 12 wanaweza kupata dakika mbili ao tatu tu za filimu ya kuonyesha watu.

Ni kusema kazi ya muchezaji ni kungojea, na katikati ya kungojea kuwa tayari kwa gafula. Anapashwa kulia machozi saa kumi ya jioni sawasawa alivyolia saa tatu ya asubuhi. Uso wake wa leo unapashwa kufanana na uso wa jana, kwa sababu filimu haipigwi kwa mufululizo wa hadizi. Watu wawili wanaongea mezani: yule wa kuume anapigwa picha leo, yule wa kushoto kesho, na sisi tunaona mazungumzo ya dakika moja. Kama mmoja hakulala usingizi, kamera itaona macho mekundu, na macho hayo yatabaki katika filimu miaka 50.

Tena muchezaji anapashwa kuwa karibu. Watu 60 ao 100 wanalipwa kila saa. Akienda kupumzika mbali, wote watamungojea, na feza zitakuwa zikipotea kama maji katika kikapu. Ndiyo sababu wanamuwekea chumba hatua chache tu toka pahali pa kazi. Kijana mmoja anagonga mulango: «Wanakuita», na yeye anatoka tayari. Fikirini kiwanja kati ya pori, ao njia ya muji mukubwa: muchezaji mwanamuke atavulia nguo wapi? Atakwenda choo cha nani?

MAMBO YALIYOPITA KWETU, KANDO YA RUIKI

Hatuna lazima ya kwenda Marekani kutafuta mufano. Mwaka 1951 watu wa sinema walifika katika inchi yetu, wakati ilipoitwa Kongo ya Wabelgiji. Walikuja kutengeneza filimu «The African Queen». Mwongozaji alikuwa John Huston, na wachezaji wakubwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Walipanga kambi pahali panapoitwa Biondo, karibu na muto Ruiki, kusini ya Kisangani, upande wa Ponthierville ambayo leo ni Ubundu. Hakukuwa na hoteli. Watu wa kwetu waliwajengea nyumba za miti na majani. Siafu waliingia kambini, watu wakakimbia. Mashua yenyewe ya filimu ilizama, wakapashwa kuivuta kutoka chini ya maji.

Sikieni sasa ginsi walivyotumika. Mashua ilivuta mufululizo wa vyelezo, ni kusema mbao zilizofungwa pamoja kwa kuelea: kimoja cha kamera, kingine cha taa na vyombo, kingine cha mashini ya umeme. Na chelezo kimoja kilikuwa cha Bibi Hepburn, chenye pahali pa kuvalia, kioo kirefu na choo. Hiyo ndiyo ilikuwa karavani yake, karavani ya majini! Lakini mashua haikuweza kuvuta yote. Muzigo ulizidi. Basi chelezo cha Bibi Hepburn kikaachwa, na yeye akapashwa kujitafutia pahali nyuma ya miti, kama sisi tunapokwenda safari ya miguu.

Ninajua tayari wabishani wangu watapiga makofi: «Unaona! Aliachwa bila karavani na filimu ikaisha!» Ndiyo, iliisha, tena vizuri, kwa maana katika mwaka 1952 Bogart alipata zawadi ya Oscar kwa kazi ile. Lakini angalieni sababu ya kuacha chelezo. Hakuna aliyesema: tumunyenyekeze huyu mwanamuke. Kazi ndiyo iliamua. Mashua ilishindwa, wakapima kitu cha lazima na kitu cha kusaidia, wakaacha cha kusaidia. Hapo tunapata kipimo ambacho nitakitumia mpaka mwisho wa maneno yangu: chumba kinapewa kwa ajili ya kazi, na kazi inaweza kukiondoa.

Mambo hayakuishia hapo. Kutoka Kongo walikwenda Uganda, Butiaba kando ya Ziwa Albert, na huko walilala ndani ya meli iliyoitwa Lugard II. Wengi wakagonjwa tumbo kwa sababu ya maji mabaya. Hepburn, ambaye alikuwa akikunywa maji kwa bidii, alishikwa kabisa. Katika mwanzo wa filimu tunamuona akipiga kinanda ndani ya kanisa la misioni, amenyooka, uso mutulivu. Kando yake, nje ya picha, kulikuwa na ndoo, kwa sababu alikuwa akitapika kati ya picha moja na nyingine. Mwaka 1987 alitoa kitabu kizima juu ya safari ile. Bogart na Huston hawakugonjwa, na wao walisema ni whisky iliyowalinda. Ninawaomba ndugu zangu wa la sita wasipeleke maneno hayo kwa Bwana Prefe kama shauri la munganga.

Tunajifunza nini? Bibi yule aliweza kuishi bila kioo kirefu. Lakini bila maji safi kazi ilikuwa karibu kusimama. Kwa hiyo tusiseme tu «karavani» kana kwamba ni kitu kimoja. Ndani yake kuna mambo ya lazima: maji safi, choo, pahali pa kuvaa, pahali pa kulaza kichwa. Na kuna mambo ya mapambo. Mutu mwenye akili anatenganisha.

STANLEYVILLE 1958

Mufano wa pili ni wa Kisangani yenyewe, iliyokuwa ikiitwa Stanleyville. Mwaka 1958 mwongozaji Fred Zinnemann alileta watu wake kutengeneza «The Nun's Story», filimu ya mutawa mwanamuke anayetumika katika hospitali ya Kongo. Muchezaji mukubwa alikuwa Audrey Hepburn. Tafazali musichanganye: huyu si ndugu ya yule wa kwanza, ni majina tu yanafanana. Filimu ilionyeshwa mwaka 1959. Watu wa filimu walifika pia Yakusu, misioni ya Wabatisti kando ya muto, ambako munganga Stanley Browne alikuwa akitunza wagonjwa wa ukoma.

Safari hii kulikuwa na hoteli, nyumba ya wageni ya kampuni ya ndege Sabena. Kuna jambo moja ambalo Zinnemann mwenyewe alilisimulia. Muchezaji wake hakuomba mambo mengi. Aliomba mashini moja ya kupoza hewa chumbani. Sinema yao ya Marekani ikatuma mashini upesi. Wakaiwasha, lakini chumba hakikupoa. Walipoichunguza vizuri, waliona kwamba haikuwa mashini ya kupoza, ilikuwa ya kuongeza unyevu katika hewa! Kuongeza unyevu Kisangani! Ni kama kupelekea samaki ndoo ya maji.

Tunacheka, lakini tusisahau kwamba mwanamuke yule alivaa mavazi mazito ya mutawa, tangu kichwa mpaka miguu, chini ya jua lile na mbele ya taa za sinema. Kisha kazi alipashwa kulala. Kuomba hewa ya baridi usiku si kiburi. Ni sawa na mwalimu anayeomba chaki.

KWA NINI HOTELI, SI KWAO?

Wengine waliuliza: kwa nini hawalali kwao? Jibu ni rahisi. Filimu inapigwa pale hadizi inapotaka, si pale muchezaji anapokaa. Bogart alikaa California, na muto Ruiki hauko California. Na hata kama kazi iko katika muji wake, saa zake hazifanani na saa za watu. Mara nyingine wanatumika usiku mpaka alfajiri.

Wachezaji wenyewe walipigania jambo hili. Mwaka 1933 huko Hollywood waliunda sindikati yao, Screen Actors Guild, kwa sababu walitumikishwa saa bila mpaka, bila wakati wa kula unaojulikana, na bila pumziko la hakika kati ya siku na siku. Tangu mwaka 2012 sindikati ile imeungana na nyingine na inaitwa SAG-AFTRA. Kwa kawaida mapatano yao yanaomba saa 12 za pumziko kati ya mwisho wa kazi na mwanzo wa kazi ya siku inayofuata. Basi hoteli ya karibu inatoka hapo. Kama mutu amepewa saa 12, na saa 4 zinapotea njiani, umemuibia.

Tena hoteli inaleta kazi kwa wengine: mupishi, mufuaji wa nguo, dereva, muuza samaki wa soko. Filimu «Lumumba» ya Raoul Peck, iliyotoka mwaka 2000, inasimulia hadizi yetu, lakini ilipigwa Zimbabwe na Musumbiji, kwa sababu kwetu kulikuwa vita. Wapishi wa kule ndio waliolipwa. Pahali pasipo na amani hata kitanda cha mugeni hakiwezi kupangwa.

PALE KIBURI KINAPOANZA

Sasa nigeuke upande mwingine, ili musiseme doyen anatetea kila kitu.

Mwaka 2011 huko New York, wakati wa kutengeneza «Men in Black 3», muchezaji Will Smith aliletewa karavani ya gorofa mbili, kubwa kuliko nyumba nyingi za watu. Ilisimama katika njia ya muji, ikaziba, wakaaji wakalalamika, mwishoni ikaondolewa. Tutumie kipimo chetu. Je, muchezaji anatumika vizuri zaidi kwa sababu karavani yake ina gorofa ya pili? Ninazani hapana. Gorofa ya kwanza ni ya kazi, gorofa ya pili ni ya kuonekana.

Kuna kipimo cha pili, na kwangu ndicho kikubwa: nani amebaki inje? Katika kazi ya sinema kuna ngazi. Mukubwa anapata karavani nzima. Wa kati wanapata karavani iliyokatwa vyumba viwili ao vitatu. Wale wanaopita tu nyuma, wasiosema neno, wanangojea wote chini ya hema moja. Na mubeba taa, ambaye ameamuka mbele ya wote na atalala nyuma ya wote, mara nyingi anakaa juu ya sanduku lake. Audrey alivumilia joto la Kisangani, ni kweli. Lakini je, wale waliobeba mashini walikuwa na kichwa cha chuma? Watu wanakumbuka majina ya Bogart na Hepburn. Majina ya waliokata miti ya kambi ya Biondo, nani anayauliza?

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema «waondoe karavani, wote waungue na jua sawasawa». Usawa wa kuungua si haki. Mutu mwenye haki, akiona mmoja ana kivuli na kumi hawana, haharibu kivuli cha mmoja. Anaongeza majani juu ya paa mpaka wote waingie.

«DOYEN, NA CHUMBA CHAKO?»

Ninasikia tayari mutu akisema pole pole: «Anatetea karavani juu yeye mwenyewe iko na chumba chake.» Ni kweli, nina chumba. Kina upana wa kitanda kimoja na mulango. Ndani kuna daftari la majina, funguo za dortwari, taa na sanduku la dawa. Usiku mutoto wa la kwanza akishikwa na homa, anajua mulango wa kugonga, hahitaji kutafuta kitanda changu gizani kati ya vitanda makumi ine. Chumba kile ni cha kazi. Siku mutakaponiona ninafunga mulango ili nile karanga peke yangu, na wadogo wanagonga bila kujibiwa, muende kwa Bwana Prefe, mumuombe achukue ufunguo. Mimi nitarudi kwenye kitanda cha juu bila kelele. Kipimo ninachokipima kwa Will Smith, nakubali nipimwe nacho.

NA KUNDI LETU LA TEATRE?

Sasa tufike pale nilipotaka kufika. Mwaka uliopita kundi letu lilialikwa kucheza mbali. Sitataja pahali, na wenyeji wetu hawakuwa na nia mbaya. Lakini semeni ninyi muliokuwako kama ninaongeza neno. Tulifika saa mbili ya asubuhi, tukacheza saa tisa. Kati ya saa mbili na saa tisa tulisimama juani na mavazi yetu mikononi. Wasichana walivaa nyuma ya shuka moja iliyoshikwa na wenzao wawili, na watoto wa muji walikuwa wakichungulia chini yake. Dada aliyecheza mama wa hadizi alipoteza sauti kwa kiu, na watu wa nyuma hawakusikia kilio chake, wakacheka pahali pa kulia. Usiku tulilala juu ya madawati. Na wale watatu waliobeba vyombo vyote kichwani walikula wa mwisho, wakapata ugali bila mboga.

Halafu tuliporudi, watu walisema: «Mulicheza vibaya.» Ndugu zangu, hatukucheza vibaya. Tulingoja vibaya.

Wako watakaosema kwamba mateso yanamukomaza kijana. Ninakubali, mateso ya kazi yanamukomaza. Kujifunza maneno kurasa 20 kwa moyo, kurudilia mpaka saa nne ya usiku, hayo yanakomaza. Lakini msichana kuvulia nguo mbele ya macho ya watu, hilo linamukomaza katika nini? Linamufundisha tu kwamba mwaka kesho asiingie katika teatre. Wawili wamekwisha kuacha. Kama tukiendelea hivi, wavulana watacheza na mama na binti, na kundi litakuwa kichekesho.

Wengine watasema hakuna franga. Mimi siombi karavani, wala hoteli ya Sabena. Ninaomba mambo mane, na hakuna hata moja linalopita uwezo wetu.

Kwanza: katika barua ya kukubali mualiko, tuandike waziwazi kwamba tunahitaji madarasa mawili yenye kufungwa, moja la wasichana, moja la wavulana. Kila shule ina madarasa, na siku ya sikukuu yako wazi.

Pili: tubebe bidoni mbili za maji yaliyochemshwa hapa kwetu. Kumbukeni ndoo ya Hepburn.

Tatu: tujue saa yetu ya kucheza, na wale ambao saa yao haijafika wakae kivulini juu ya mikeka, wasitembeetembee sokoni na mavazi ya teatre.

Ine: wanaobeba vyombo wale pamoja na wachezaji, kutoka sufuria moja na kwa wakati mumoja. Na majina yao yasomwe mbele ya watu pamoja na majina ya wachezaji. Bila wao mufalme wetu hana kiti cha kukalia.

Ninajua Bwana Direkteri wa nizamu anasoma gazeti hili, na mwalimu anayeongoza teatre pia. Ninawaomba kwa heshima wayapime maneno haya mbele ya mwisho wa muhula wa pili, kwa sababu barua ya mualiko inapashwa kujibiwa mapema. Sisi wa la sita tutakuwa tukijitayarisha kwa Egzame ya Serikali, hatutakwenda. Watakwenda wadogo wetu. Ninaomba kwa ajili yao.

Na ninyi wabishani wa dortwari la tatu, endeleeni kubishana, ni vizuri. Lakini safari ijayo mutakapoona filimu, mutakapoona uso mutulivu wa mutu anayepiga kinanda, muulize pia maswali haya mawili: alingojea wapi? Na yule aliyeshika taa, yeye alingojea wapi?

Doyen wa wanafunzi,
darasa la sita